Baba Amebisha Hodi Nyumbani Kwake

Chumba cha kushonea,
Nyumbani kwa wazazi.
Alhamisi, baada ya kazi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusema ni vumbi tu? Wifi hajambo? Mimi mwili ni mzima, ila roho iko juu juu, ndiyo maana mwandiko wangu leo unakwenda upogo.

Cherehani imepata mkanda mpya, haipigi kelele tena. Sasa nasikia kila kinachosemwa sebuleni. Afadhali ingeendelea kupiga kelele.

Jambo lenyewe ni Mama. Ameacha kwenda kanisani. Ndiyo, Mama huyu huyu aliyekuwa akituvuta miguu kututoa kitandani Jumapili. Tangu mvua zianze hajakanyaga ibadani. Anabaki nyumbani anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Nikimuuliza, anasingizia magoti. Magoti gani, Kaka, wakati juzi alipanda kiti kupangusa dirisha?

Unaujua utaratibu wetu. Mshirika asipoonekana muda mrefu hutembelewa na wazee wawili wa kanisa. Asiporudi, jina lake linasomwa mbele ya watu wote, na hashiriki Meza ya Bwana mpaka atubu. Na mzee wa mtaa huu ni nani? Si baba yako! Amewafuatilia wengi bila kupepesa macho, na wapo wasiomsalimia hadi leo. Baraza la wazee likamwambia aende kwa mkewe kama anavyokwenda kwa wengine.

Basi Jumamosi Baba akavaa koti, akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akamsubiri mwenzake, yule fundi saa, ambaye alichelewa kama kawaida yake. Kisha wakaja kubisha hodi mlango wa mbele. Kaka, Baba amebisha hodi nyumbani kwake! Mama akawakaribisha kwa heshima zote, akawapa chai kwenye vikombe vya wageni. Akasogeza kiti chake karibu kabisa, akawa anawatazama midomo.

"Mtanisamehe, wazee wangu," akasema. "Mume wangu hayupo, ametoka sasa hivi."

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Kicheko hakikudumu. Baba akakohoa, akauliza kwa ile sauti yake ya kanisani, "Mama, mbona hatukuoni ibadani?"

Mama akaweka birika chini. "Mume wangu angeniuliza hilo, ningemjibu zamani. Tunalala chumba kimoja. Hajaniuliza hata siku moja."

Fundi saa alimaliza chai kwa funda moja, akaaga. Baba alibaki kwenye kiti cha wageni, koti mwilini, akauliza tena, safari hii kama mume. Ndipo Mama akasema. Masikio yake yanaondoka, Kaka. Jumapili ile ya mwisho wimbo ulikwisha asijue, akaendelea kuimba peke yake, kanisa zima kimya. Watu wakacheka. Akainua macho kumtafuta Baba kule mbele kwenye viti vya wazee, akamwona naye anacheka.

Baba hakukana. Alisema alidhani Mama amezidiwa na furaha ya wimbo. Tangu Jumamosi hiyo Baba chakula anakichokoachokoa tu.

Sasa naogopa. Mwanzoni mwa mwezi Baba anatakiwa kutoa taarifa barazani. Akieleza sababu, jina halitasomwa, lakini Mama amemkataza katakata. Anasema afadhali atangazwe mkaidi kuliko kutangazwa kiziwi. Kudanganya Baba hawezi. Na jina likisomwa, namjua mama yetu, hatakanyaga tena pale hadi kufa kwake, nao wawili watabaki wanapishana humu ndani kama wapangaji.

Baba ameomba aache kiti cha mbele, aketi na Mama nyuma, upande wa wanawake, awe anamgusa mkono kila wimbo unapokwisha. Watu watasema wee! Mama hajajibu ndiyo wala hapana.

Kwa hiyo mwandikie Mama akubali, tafadhali. Usimpigie simu. Nimeelewa sasa kwa nini kila ukipiga ananipa mimi niongee. Wewe kifungua mimba wake huwa hakukatalii.

Nilikuwa nimefika hapa niliposikia wanaimba sebuleni. Nadhani walikuwa wanajaribu ule mpango wa mkono. Niliweka kalamu chini nikasikiliza. Wimbo ukafika mwisho, Mama akaendelea. Nikangoja Baba amguse anyamaze. Hakumgusa, Kaka. Aliendelea kuimba naye.

Nisalimie wifi, watoto, na mjomba wetu asiyevua kofia. Mungu awafunike huko mliko, atukutanishe tukiwa bado tunasikilizana.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,
Sindano