Kiti cha Hasira za Alvina

Osterfeld, Ohio
Jumapili, mwishoni mwa Agosti

Mdogo wangu mpenzi Rita,

Najua humo konventini wewe ni Sista Kolumba, lakini mkono wangu bado unakataa kuandika hivyo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichonidokezea wakati wa Pasaka kimekuachia. Masista wenzako hawajambo? Na Mama Mkuu, mgongo wake umepata nafuu? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na anagombana na redio kila asubuhi. Mahindi yamempita shemeji yako Virgil kwa urefu, soya imeweka maganda, ng'ombe wanatoa maziwa kama kawaida. Hayo nimeyaandika mbiombio ili dhamiri yangu itulie, kwa sababu lililonikalisha mezani leo ni jingine kabisa, na tangu nishike kalamu miguu yangu inachezacheza yenyewe.

Rita, nimeendesha. Si shambani. Nimevuta gari la uzito kwa trekta, kwenye mashindano ya maonyesho ya wilaya, mbele ya majukwaa yaliyojaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, katika daraja la juu, mimi Leona mwenye umri huu na magoti haya.

Ngoja nianze mwanzo, maana tangu uondoke mambo yamebadilika. Unakumbuka shemeji yako alikuwa akivuta katika daraja la shamba, na lile trekta jekundu la Baba, injini yake karibu kama ilivyotoka kiwandani. Alikuwa akimaliza wa nne au wa tano, tunakula nyama ya nguruwe ya kuchoma, tunarudi nyumbani, na kesho yake trekta hilohilo linabeba majani ya ng'ombe. Mwenye tamaa nilikuwa mimi. Injini nimezijenga tangu tukiwa wasichana, wewe na mimi, karakanani kwa Baba, na nilikuwa nimechoka kujenga injini za kiungwana. Msimu wa baridi wa mwaka juzi nikamwambia Virgil tupande daraja. Akasema sawa. Unamjua, Virgil husema sawa kwa mambo mengi.

Ungeiona kazi ile ungeacha hata chakula. Injini ya daraja la shamba unaijenga iwe na subira, ivute kuanzia chini bila kelele. Hii ya juu nguvu zake zote ziko kule inapozunguka kwa kasi ya mwisho, na lazima izikamate palepale bila kupasuka. Tulinunua trekta bovu la aina ileile ya Baba, tukalivua mpaka likabaki mifupa. Nikaweka kranki nzito zaidi, konrodi za chuma cha kufuliwa, pistoni mpya, na tabo ya kusukumia hewa, kubwa kama lile sufuria la supu la parokia. Silinda hedi niliifunga, nikaifungua, nikaifunga tena. Tulipoiwasha mara ya kwanza vioo viwili vya karakana vilidondoka, na jirani wa ng'ambo ya barabara alipiga simu kuuliza kama ghala letu la nafaka limelipuka. Tukaliita Hasira za Alvina. Mama alininunia karibu wiki nzima kwa kulitumia jina lake, halafu akalalamika kwamba herufi ni ndogo mno.

Lakini uwanjani mambo hayakuwa hivyo. Lile gari la uzito unalijua: kadiri unavyolivuta ndivyo sanduku la vyuma linavyopanda kuja mbele na pua yake inavyozama udongoni, hata mwishoni ni kama umefungiwa kanisa. Virgil alikuwa akiondoka vizuri, moshi umesimama wima, kisha katikati ya uwanja nguvu zinanywea na trekta linakaa, halisogei tena. Msimu mzima ikawa hivyo. Nilifungua pampu ya dizeli mara tatu. Nilibadilisha nozeli, nikapima hewa ya tabo, nikakagua klachi. Kila kitu kizima. Linus Knapke, yule jirani yetu wa matrekta ya kijani, alikuwa akitupita kila tulipokutana, na ulimi wake unaujua. Nikaanza kuamini kwamba sijui kazi.

Basi wiki ya maonyesho ikafika, na siku chache kabla ya zamu yetu ng'ombe mmoja akambana Virgil kwenye lango la zizi. Mfupa wa mtulinga ukavunjika. Alirudi kutoka hospitali mkono umefungwa kifuani, uso umempauka, akakaa jikoni akinywa kahawa. Nilikuwa nimeshajiandaa kupiga simu tuondolewe, ndipo Linus alipoingia na pai ya cheri aliyotumwa na mkewe. Alimpa Virgil pole kwa moyo wote, akamkatia kipande, akamwekea mbele yake. Kisha akanigeukia.

“Pole na wewe, shemeji. Afadhali hilo dude lenu lipumzike. Ingawa hata likiwa na dereva lilikuwa linapumzika.”

Nikamjibu kwamba halitapumzika, nitaliendesha mimi. Naapa sikuwa nimeliwaza kabla ya kulisema. Linus akacheka mpaka makombo ya pai yakamtoka. Mama, aliyekuwa akimenya maharage pale dirishani, akasema bila kuinua kichwa kwamba nimeolewa miaka yote hii ndiyo kwanza nakumbuka kwamba nina miguu ya kufikia breki. Nikamgeukia Virgil. Nikadhani atakataa. Akasema, “Sawa,” akarudi kwenye pai yake.

Kabla ya siku yenyewe nilifanya mazoezi kwenye njia ya nyuma ya ghala, Virgil akitembea pembeni na mkono wake uliofungwa, akinieleza kwa upole namna ya kukaza mnyororo wa gari la uzito usikatike, na namna ya kuongoza kwa breki mbili za nyuma, kwa kuwa mbele magurudumu yatakuwa hewani na usukani utakuwa pambo tu. Alinifundisha vizuri, Rita. Hakuna hata kimoja alichonificha.

Siku ilipofika nilivaa ovaroli yake ile isiyoshika moto, nimeikunja miguuni mara mbili. Mama alikaa safu ya mbele, vizuia-sauti vya Virgil juu ya kitambaa chake cha kichwa, rozari mkononi. Linus alivuta kabla yangu akafika mwisho, futi mia tatu zote, akashuka akipunga kofia kwa majukwaa yote kama askofu.

Kisha wakaniita. Mtangazaji alianza kusoma jina la Virgil, akanyamaza, akasema, “Haya, jamani, leo Hasira za Alvina zinaendeshwa na binti wa Alvina mwenyewe.” Watu wakapiga makelele. Wakaufunga mnyororo. Nikasogea taratibu mpaka ukakaza. Mtu wa bendera akainua ya kijani, nami nikausukuma wenzo wa mafuta mpaka mwisho.

Sijui nikueleze vipi. Tabo ililia filimbi, kisha ile filimbi ikamezwa na ngurumo, na ngurumo ikaingia kifuani kwangu hata sikujua tena moyo upi ni wangu na upi ni wake. Pua ya trekta ikainuka. Nikaona mbingu na bomba la moshi, basi. Nilikuwa naongoza kwa nyayo tu, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama unavyomtuliza ng'ombe kwa goti. Katikati ya uwanja nikahisi lile gari linanirudisha nyuma, zito, zito zaidi, na pale pale ambapo Virgil alikuwa akikwama, injini yangu ikainamisha kichwa na kuendelea. Nilijua kila chuma kilichokuwa ndani yake. Nilikuwa nazungumza nacho ndani ya helmeti, maneno ambayo sitayaandika kwenye barua itakayosomwa na masista. Bendera nyekundu ilipopandishwa sikuiona. Wale wasaidizi walilazimika kuvuta ile kamba ya nyuma inayozima injini, ndipo nilipojua nimefika mwisho.

Tukawa watatu tuliofika mwisho, kwa hiyo wakaongeza vyuma kwenye sanduku ili turudie. Wa kwanza alikaa mapema. Linus akafika mbali, udongo ukiruka nyuma yake mpaka majukwaani. Nami nikavuta, nikavuta, na trekta likakaa nyuma ya alama yake kwa urefu wa kiatu. Kiatu kimoja, Rita. Nilishindwa, na nilishuka nikicheka hata nikashindwa kufungua ukanda wa helmeti. Linus alikuja kunifungulia. Alikuwa amelowa jasho.

“Shemeji,” akaniambia, “mimi Virgil hajawahi kunitoa jasho hivi.”

Virgil alikuwa amesimama hapohapo. Alitabasamu, akanifuta tope shavuni kwa mkono wake mzima.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sijamwambia mtu, hata padri. Wiki hii daktari amemfungua Virgil mkono. Mfupa umeunga safi. Jumamosi ijayo tunavuka kwenda Indiana, kwenye mashindano ya kanda, na kila mtu hapa, Mama na Linus na hata mimi kwa mdomo wangu, tulikuwa tukisema ni vizuri Virgil atawahi. Lakini mimi, mdogo wangu, nilikuwa nikiomba mfupa ule usiwe na haraka. Kila usiku nilipiga magoti upande wangu wa kitanda, mume wangu akiugulia upande wake, nikamwomba Mungu acheleweshe. Ukipata neno la kuniombea, niombee kwa hilo.

Nikaona siwezi kuishi na jambo hilo. Alhamisi tulikuwa karakanani tukichonga meno ya matairi yashike udongo vizuri, yeye upande mmoja, mimi upande wa pili. Nikamwambia bila kumtazama kwamba sitaki kumrudishia kiti. Nikamwambia najua ni chake, na kama anakitaka nitamwachia na sitanuna, lakini sitaki.

Akaacha kuchonga. Nikasikia kisu kinawekwa sakafuni.

“Leona,” akasema, “unajua yule ng'ombe aliponibana langoni? Kabla hata sijasikia maumivu, nilisema asante.”

Nikazunguka tairi nikamtazama. Alikuwa amekaa juu ya debe la oili, mikono juu ya magoti. Akaniambia anaiogopa ile injini tangu siku tulipoiwasha na vioo vikaanguka. Akasema akifika katikati ya uwanja, mkono wake wenyewe unarudisha wenzo wa mafuta nyuma. Anauambia usirudi, unarudi.

“Mimi nimefungua pampu mara tatu,” nikamwambia.

“Najua. Nilikuwa nakushikia spana.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ulikuwa na furaha sana, Leona. Sijawahi kukuona na furaha hivyo kwa kitu chochote. Nikaona injini nitaizoea.”

Nilitaka kumkasirikia, na nilimkasirikia kidogo, kwa ajili ya pampu. Kisha nikakaa naye kwenye lile debe, ambalo halituenei wawili, nikamwuliza anataka nini yeye. Akasema anataka trekta la Baba. Anataka daraja la shamba, pale unapoweza kusikia mawazo yako ukiwa unavuta. Basi jana tumelitoa nyuma ya ghala. Nitaijenga upya injini yake kwa kanuni za daraja lile, ya subira, kama anavyopenda, na nimeshaanza kupima silinda. Tangu jana anapiga mluzi zizini, na Mama ameshamwambia anyamaze mara mbili.

Lakini la leo ndilo lililonifanya nisingoje kesho kukuandikia. Baada ya misa tulisimama uani pa kanisa, kahawa na maandazi mkononi, wanaume wote wa mashamba wamezunguka wakizungumzia Indiana. Linus akamwuliza Virgil kwa sauti ya kusikika kama mkewe atakubali kushuka, au itabidi waende kuita polisi. Wote wakacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Tulikuwa hatujapanga la kusema.

Virgil akasema, “Sikirudii kile kiti. Kinanitisha. Leona hakimtishi.”

Alilisema hivyohivyo, kwa sauti yake ya kila siku, kama anayetaja bei ya mahindi. Hakuna aliyecheka. Linus alikizungusha kikombe chake mkononi mara kadhaa akiangalia kahawa iliyobaki.

“Cha kwangu,” akasema, “kinanitisha kila Jumamosi.”

Kisha akamwuliza Virgil kama lile trekta la Baba bado lina breki zake za zamani, wakaondoka pamoja kuelekea magari, wakizungumza breki.

Basi, mdogo wangu, habari zetu ndizo hizo. Mama anakusalimu, anasema uvae soksi nzito kabla baridi haijaanza. Shemeji yako anakusalimu kwa mkono wake mpya. Nifikishie heshima zangu kwa Mama Mkuu na upendo kwa masista wote, na kama sheria inaruhusu wasomee sehemu ya uwanjani wakati wa mapumziko. Jumamosi mtuombee siku kavu. Kama bustani yenu inahitaji mvua, iombeni Jumapili.

Nakukumbatia kwa mikono yenye oili,

dada yako,
Leona Hemmelgarn