Majani Hayatikisiki

Mjukuu wangu Neema,

Mwidiwe! Huku Kitahana hatujambo. Bibi yako anapalilia maharage na goti limetulia.

Umeuliza kwa nini kijiji kinakuruhusu kuvua samaki wachache kiangazi, na mvua zikianza hata mmoja hapana, ingawa wewe unavua kwa ndoano kujifurahisha tu.

Nilipokuwa kijana, mto ulifurika kwa mvua za kwanza, kambare wakapanda kwenye majani ya bondeni, yakatikisika na kuchakacha kama yameficha mbuzi. Nikamkamata mmoja kwa mikono. Baba alipomminya tumbo kidogo, mayai yakamganda vidoleni.

“Huyu ni mzazi,” akasema kwa upole, kama alivyosema siku mama alipojifungua mdogo wangu. “Mzazi hatolewi nje.”

Tukamrudisha majini, tukaenda kula maharage.

Mwaka huu maji yamejaa bondeni. Kila asubuhi kungali giza nasimama pale nikisikiliza, na majani hayatikisiki. Bibi yako sijamwambia.

Njoo likizo, ila ndoano iache huko. Nataka masikio yako, mjukuu wangu. Naomba iwe kambare wamekuja, ila mimi ndiye nisiyesikia tena.

Babu yako