Skrini Niliyobaki Nayo

Hadijah, leo nimejiaibisha shuleni Dranya.

Unakumbuka arobaini ya mume wangu Yasiri, tulipogawa vitu vyake? Skrini ya kompyuta nilibaki nayo, kwa sababu picha zake nilizionea hapo. Lile boksi la chuma lililounganishwa nayo nikalitoa sadaka kwa shule.

Leo nimewasha skrini. Nyeusi. Nyeusi kabisa, Hadijah.

Nikapanda boda hadi shuleni. Nikamkuta Mwalimu Celestino amelifungua boksi mbele ya darasa. Nilipomweleza kuwa skrini haionyeshi picha, akaniambia, "Mama, skrini inaonyesha tu. Picha iko ndani ya diski." Watoto wakacheka. Diski walikuwa wakiipitisha dawati kwa dawati.

"Chukua, mama," akasema mwalimu.

Nikamwambia sadaka hairudishwi. Nikakaa dawati la nyuma, nikangoja zamu yangu ya kuishika diski.