Neno la Mjomba kwa Kikao cha Viwanja Sitini

Dada yangu Benedikta,

Shikamoo. Naanza na hiyo kabla hujasema kwamba Ulaya imenifuta adabu. Habari za hapo Viwanja Sitini, habari za magoti yako, na mpunga umekaaje safari hii? Nimesikia mto ulipanda mpaka kivuko kikasimama, ng'ombe wa Wasukuma wakalala ng'ambo hii, wenye ng'ombe ng'ambo ile. Mimi sijambo. Kitambi kipo, nywele zimeondoka bila kuaga. Juzi niliteleza kwenye barafu mbele ya wanafunzi wangu, mwalimu mzima nikagaagaa kama kambare aliyetolewa mtegoni, na hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoikumbuka Ifakara. Huko wangecheka kwanza, halafu wakaniinua.

Barua ya Shemeji Venansi imenifikia. Anasema yeye, kama kaka mkubwa wa mumeo na baba mkubwa wa Skola, ametoka Kisawasawa kwa baiskeli kuja kutuliza mambo. Ananieleza kwamba mwanao alisimama katikati ya mazoezi ya kwaya akasema mbele ya watu wote: mwalimu wa kwaya humbakiza kila mazoezi yakiisha, eti amfundishe sauti, kisha humshika asipotaka kushikwa, na alipomkatalia akamwondoa kwenye safari ya kwaya. Sasa kwaya imegawanyika. Wazee wa upande wa mumeo wameamua Skola aombe radhi mbele ya kwaya, Jumapili itakayofuata jibu langu, yaishe. Ila kikao hakiwezi kufungwa bila neno la mjomba, na mjomba ni mimi peke yangu, hata kama nimejificha kwenye theluji. Natakiwa niandike kwamba nimekubali.

Kabla ya jibu, nikueleze kazi yangu, maana uliponiuliza kwenye simu nilisema "nasomasoma tu," ukaniambia kumbe nimepanda ndege kuja kufanya kazi ya mtoto wa darasa la pili. Nikimaliza kufundisha Kiswahili hapa chuoni, namsaidia mama mmoja mtafiti, jina lake Ute. Kiswahili alijifunzia Unguja. Ananizidi umri lakini kila asubuhi ananiamkia shikamoo. Nimechoka kumweleza. Siku hizi naitikia marahaba huku natazama viatu.

Ute anakusanya maneno ambayo watu wetu waliotawanyika huku nje wanaandikiana kwa kompyuta. Ni baraza, dada, ila halina mkeka: mmoja yuko nchi hii, mwingine nchi ile, mtu anaandika, wote wanasoma, na kila mwenye mdomo anajibu. Mwaka huu baraza lilichafuka kwa habari za mkuu mmoja wa shule ya bweni huko nyumbani, si mkoa wetu, aliyetajwa na wasichana aliowahi kuwafundisha kwamba alikuwa akiwashika bila ridhaa yao. Watu waliandika usiku na mchana. Ute alitaka kujua wanasema nini hasa, na wanamsemea nani.

Kompyuta inasaidia hivi. Unaipa neno moja, inakuletea kila mstari wenye neno hilo, lenyewe likiwa katikati, majirani zake kushoto na kulia. Si unajua, ukitaka tabia ya mtu unaangalia anakaa na nani. Kazi yangu ilikuwa kuielekeza mashine: maneno haya ni ya huruma kwa wasichana, haya ni matusi, haya ni ya shaka. Nikaona ni kazi ya kufanya huku nakunywa chai. "Maskini" nikaliweka kwenye huruma kwa wasichana bila kufungua hata mstari mmoja. Mtu wa kwetu akisema maskini, si anamlilia aliyeumizwa?

Mashine ikatoa mchoro mzuri kweli. Huruma imepanda kama mto wetu mwezi wa nne. Nikavimba, nikamwambia Ute, "Umeona? Sisi ni watu."

Akautazama mchoro. Akauliza taratibu, "Mwalimu, maskini nani?"

"Wasichana. Nani mwingine?"

"Umesoma?"

Sikuwa nimesoma. Tukafungua. Maskini mkuu, ile shule kaijenga kwa jasho lake. Maskini mke wake, atapita wapi. Maskini mzee wa watu, aibu hii uzeeni. Ukurasa baada ya ukurasa. Waliowalilia wasichana walikuwepo, wachache, na kila mmoja alijibiwa anyamaze. Wasichana wenyewe walikaa na majirani wengine kabisa: kwa nini sasa, walikuwa wapi, nani kawatuma, walivaa nini. Nikamwambia Ute hii ni kupepeta mpunga bila kuangalia upepo, makapi yote yamemrudia mwenye ungo. Akayaandika, akanishukuru kama aliyesikia hekima. Mimi nilikuwa najitetea tu.

Jioni ile ile nikarudi nyumbani, nikakuta barua ya shemeji. "Maskini mwalimu wa kwaya, ana watoto wadogo. Maskini kwaya, ilikuwa inasifiwa mpaka Mahenge. Maskini ukoo wetu." Nikaipitia yote kwa kidole, maana hapo kompyuta haikuhitajika. Skola naye yumo: kwa nini hakusema mapema, kwa nini alikubali kubaki peke yake. Shemeji Venansi hajawahi kuiona kompyuta, lakini wimbo wa lile baraza anauimba ubeti kwa ubeti.

Basi jibu ni hili, na nimekaa wima ninapoliandika: sikubali. Mjomba amekataa. Skola haombi radhi mbele ya kwaya, wala nyuma ya kanisa, wala kwa kunong'ona ili wazee wapate kulala. Anayetakiwa kuomba radhi anaijua njia ya nyumbani kwenu, na mlango mnao. Wakisema Uzungu umeniingia, waambie maneno niliyosoma huku ni ya watu wetu, kwa Kiswahili chetu, wala hakuna Mzungu aliyewashika mkono. Wakisema mjomba wa mbali hana neno, wangeokoa stempu.

Najua ushujaa wa kwenye karatasi ni mwepesi. Mimi nipo huku na koti langu, wewe ndiye utakayekutana nao sokoni, na wapo watakaokupita kama hawakukuona. Ila wewe uliyenibeba mgongoni huku unabishana na bibi, leo usijifanye umesahau kubisha.

Nina ombi moja. Barua hii asiisome Venansi, maana macho yake huruka mistari asiyoipenda. Aisome Skola kikaoni, amesimama, kwa sauti yake ile ya kwaya. Sauti hiyo ni yake, alikuja nayo duniani, hakupewa na mwalimu.

Nisalimie shemeji yangu, baba yake Skola. Mwambie ukimya wake nimeusikia mpaka huku, na Jumapili nategemea kusikia kitu kingine. Nisalimie mama mkwe wako, yule anayesema mimi ni mwembamba. Mwambie amepitwa na habari. Shemeji Venansi naye mpe salamu zangu, na chai ya moto, maana kutoka Kisawasawa si karibu.

Na wazee wakianza tena "maskini, maskini," Skola asiwakatize. Awaache wamalize, halafu awaulize kama nilivyoulizwa mimi: maskini nani? Kisha akae chini asubiri jibu. Asiwe na haraka. Nyumba ni yenu.

Mdogo wako, mjomba wake Skola,

Kasiani