Hadithi Uliyoiacha Mlangoni

Kwako Maman,

Watoto wa maktaba hawajanipa raha tangu tulipokuzika. Kila Jumatano swali ni lile lile: "Madame, kisha?" Wanataka mwisho wa hadithi yako, nami sikuwa nao. Hukuniambia, na mimi kwa kukuzoea sikuuliza. Ilibaki imerekodiwa ndani ya tableti ya shule, imekatika pale kengele ilipolia, na kwa muda mrefu niliogopa hata kuigusa. Leo nakuandikia kwa sababu imepata mwisho, na sijui kama utaukubali.

Unakumbuka maktaba ilivyokuwa nilipokabidhiwa? Chumba cha mwisho kabisa pale shuleni Mururu, vitabu vimepangwa vizuri hadi vinatia huruma, na tableti tulizoletewa na mradi mmoja zimefungiwa kabatini zisije zikaharibika. Wanafunzi waliingia mvua ikinyesha tu. Nilijaribu mashindano ya kuchora majalada, nikajaribu chemsha bongo yenye zawadi ya peremende. Walikula peremende, wakaenda zao. Nikaja kukulalamikia sokoni Kamembe, nawe ukaendelea kukunja vitenge vyako bila kunihurumia hata kidogo.

"Weye unabawekea batoto vitabu kama sahani za bageni," ukasema. "Nani atathubutu kula mule?"

Ndipo nikakualika uje kuwatolea hadithi. Mimi, binti uliyemlea mwenyewe, nikakuita saa tisa mchana! Ulikuja moja kwa moja kutoka sokoni na furushi lako la vitenge kichwani. Watoto walikuwa wamejaa, wengine wamekaa juu ya meza. Ukaketi, ukawasalimia, ukatazama dirishani badala ya kuanza. Niliposogea kuuliza kuna nini, ulininong'oneza kwa sauti iliyosikika hadi nyuma.

"Jua iko inawaka, na unataka nitoe hadisi? Muchana ni ya kazi. Maman yangu alitukatazaka."

Walicheka wote. Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe wao hawakuona tatizo hata kidogo, msichana mmoja akauliza, "Na kama tunafanya usiku, Maman?" Ukamwambia haya, afanye tumuone. Wakafungua furushi lako bila hata kuomba ruhusa, wakatundika vitenge kwenye madirisha yote, chumba kikawa giza.

"Bon," ukasema. "Sasa ni usiku. Mumenishinda."

Nilikuwa nimewasha tableti nikurekodi, nawe ukaniamuru niifunike kifudifudi, eti taa yake itatuletea asubuhi. Ndiyo maana maktaba haina picha yako hata moja. Tuna sauti tu, na kikohozi chako kile cha kuvuta pumzi fisi anapokaribia.

Tangu siku hiyo Jumatano ikawa yako. Ukishaondoka, walikuwa wanageuza rafu nzima wakitafuta fisi, sungura, wafalme, chochote kilichofanana na ulichosimulia. Walichora ulivyosimulia, wakapiga picha michoro yao kwa tableti, wakaweka sauti zao wenyewe juu yake. Niliacha kuzifungia kabatini. Moja ilianguka ikapasuka kioo, na mkuu wa shule akaniita ofisini, lakini aliposikia kelele za furaha kutoka maktabani alinirudisha kazini. Vitabu vikaanza kuchakaa pembe, Maman, na sijawahi kufurahia uharibifu namna ile.

Halafu ikaja hadithi hii. Binti ametumwa na mama yake ng'ambo ya mto kuomba moto kwa shangazi. "Ukirudi uniite, nitakufungulia," mama anamwambia. Wakati wa kurudi mto umefurika, na ndege mkubwa anakubali kumvusha kwa malipo ya sauti yake. Binti anampa. Anafika nyumbani usiku, moto unafifia ndani ya chungu, na kinywa hakitoi hata neno. Anasimama mbele ya mlango wa mama yake.

Kengele ikalia. "Itaisha siku ingine," ukasema, ukavishusha vitenge vyako.

Wiki iliyofuata presha ilikulaza hospitalini, na hukurudi tena, wala nyumbani wala maktabani.

Nilikukasirikia. Najua si adabu kumkasirikia marehemu, lakini nilikukasirikia. Nikampigia dada aliye Kigali, akasema utotoni yeye alikuwa analala kabla ya hadithi yoyote kuisha. Nikawauliza wenzako wa sokoni, wakalia badala ya kunijibu. Nikaificha ile tableti, nikawa nawasomea watoto vitabu vingine. Wakasikiliza kwa heshima, na mtoto akishaanza kukusikiliza kwa heshima ujue umempoteza. Jumatano baada ya Jumatano walipungua. Nikaona wazi kwamba nikiendelea kuilinda hadithi yako hivyo, nitarudi kukaa na vitabu vyangu safi, peke yangu.

Jumatano iliyopita nikaitoa. Tukafunga madirisha kwa vitenge, tukakusikiliza wote. Ulipokohoa nililia mbele yao, na hakuna aliyecheka. Kisha nikawaambia ukweli: mwisho siujui, hakuna anayeujua, chukueni tableti mkautafute. Wakatawanyika kila pembe.

Ungecheka, Maman. Kundi moja lilimfanya binti arushe mawe juu ya mabati. Watoto wa kutoka Gitambi waliweka mbuzi aliyemtambua kwa harufu, akapiga kelele mpaka mama akaamka. Mwingine alimpa binti simu, akamwandikia mama meseji: "Niko inje, fungua." Walishangilia mwisho huo mpaka nikaogopa mkuu wa shule ataniita tena.

Yupo msichana anaitwa Clémence. Mama yake anauza samaki Bukavu, ng'ambo ya mpaka, analala huko huko, na yeye anaishi kwa shangazi yake. Darasani hasemi. Siku hiyo alichukua tableti akajificha nyuma ya rafu peke yake, akairudisha bila kunitazama. Niliisikiliza sauti yake wenzake walipokwisha kwenda nyumbani. Anaongea polepole, kama anayeeleza jambo ambalo kila mtu alipaswa kulijua.

"Mulango haikukuwa imefungwa. Mama yake aliiacha wazi tangu mutoto alitoka. Mutoto akaisukuma, akaingia, moto ikawaka."

Basi, ni hivyo tu. Nilikaa chini sakafuni. Miezi hii yote, Maman, nimekuwa nikikuita kimoyomoyo, jikoni, njiani, hata nikiwa nafundisha, na kwa kuwa hujibu nikaamini umenifungia mlango.

Nimemuomba Clémence ruhusa, naye amekubali kwa kichwa. Nimeiunganisha sauti yake na yako. Wewe unaishia mlangoni, yeye anaendelea, na kati yenu inasikika kengele ya shule ambayo nimekataa kuifuta. Jumatano ijayo watoto wataisikia nzima. Kama mwisho wako ulikuwa mwingine, kaa nao huko, nitausikia nikifika. Mimi nimeuchukua huu.

Lala salama, Maman. Nami nimeanza kulala tena.

Kitindamimba wako