Picha ya Stroberi

Tarehe 9 Juni, mwaka wa tatu tangu niondoke

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupunguzia adhabu, na shemeji hakuchoshi sana na redio yake. Mwili wangu mzima, ila usingizi siupati.

Dada, niliposema kwa simu uondoe rafuni vile vichupa nilivyokutumia uuze, uliniuliza kama nimeviiba. Nikajibu ndiyo. Ukalia, ukasema hukunilea hivyo. Nikakuacha ulie, maana wizi ulikuwa mwepesi kuutamka kuliko ukweli. Sikuiba. Msimamizi wetu hapa kiwandani alinipa kama bakshishi, kwa kazi nzuri.

Kazi yenyewe ni hii. Tunajaza vichupani nikotini ya maji, ile ya sigara za umeme. Ni sumu. Siku ya kwanza ilinimwagikia mkononi tu, nikatapika na kuyumba, wenzangu wakacheka wakiuliza nimekunywa pombe ya nani. Vichupa vilikuja na picha ya fuvu. Msimamizi akasema fuvu halina mteja, libandikwe picha ya tunda la stroberi juu yake, kwani hakuna sheria inayokataza. Vifuniko navyo ni vya kuvuta tu, hata mtoto hufungua. Mbandikaji nilikuwa mimi. Nilisifiwa kwa kutoacha hata ncha ya fuvu ikichungulia.

Mpishi wetu alikuwa na binti ambaye ndiyo kwanza anaanza kukimbia. Tulimwita Bosi Mdogo, kwa vile alipita katikati yetu mikono nyuma, akitukagua. Wiki iliyopita alitoka na kichupa kutoka mezani petu. Mama yake alikiona, akaona tunda, akamwacha achezee, akaendelea kumenya viazi. Mtoto akakifungua, akanywa, akatapika, akakakamaa. Hakufika hospitali.

Msibani mpishi alirudia neno moja tu, kwamba angeona fuvu angemnyang'anya. Hajui kusoma, lakini fuvu analijua. Nilikaa ubavuni mwake, nikamshikia kikombe anywe maji. Akanishukuru, Dada. Hajui nani alibandika.

Sasa wamekuja maofisa wanaotaka kutunga sheria ya vichupa hivi, vifuniko vyake na picha zake. Wanatafuta mtu wa ndani aeleze. Msimamizi ameninunulia tiketi ya kuja huko Jumamosi, akisema nikapumzike, nimechoka. Nimemrudishia. Kesho nitaanza kwa mpishi, nimwambie mwenyewe, ndipo niende kwa maofisa.

Vile vichupa usivimwage wala usivishike kwa mikono mitupu. Vitie kwenye mfuko, uvipeleke kwa watu wa afya, na uwaambie chini ya stroberi kuna nini.

Nisalimie shemeji na watoto. Ukiwa na la kuniambia, niandikie. Kwa simu sitastahimili ukinyamaza. Usinitazamie Jumamosi. Nategemea kurudi mwezi wa kumi, maofisa wakiniachia.

Mimi mdogo wako,
uliyenilea vizuri