Mchezo wa Chungu cha Mvua

Kawajense, Mpanda
Ijumaa, 31 Januari 1975

Kwa mpendwa Kaka Kasimiri,

Shikamoo Kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi na watoto, hapo Tabora. Lakini ikiwa u mzima, nakuomba kabla hujaendelea kusoma ujilaze kidogo, ujifunike blanketi, umwambie mdogo wetu Romana kwamba homa inaanza kupungua. Nimemwambia unaumwa sana na umemwita. Sababu utaiona huko chini. Na barua hii, aliyoibeba bila kujua yaliyomo, tafadhali asiisome.

Sisi huku hatujambo kiasi. Mguu wa Mama bado umevimba, kutoka kitandani hadi mlangoni ni kwa kushikwa mkono, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote, na amenituma nikuulize kwa nini huandiki. Mvua ilianza vizuri Novemba, ikakata kabla ya Krismasi, na mpaka leo mbingu ni nyeupe. Mahindi ya shamba la mtoni yamejikunja majani. Kule Mpimbwe tunasikia mpunga haukupandwa kabisa.

Sasa nikupe habari za mchezo. Unamkumbuka Ponsian, aliyekuwa akifundisha kwaya kabla hajafungua duka Majengo. Mwaka jana alitunga mchezo wa kuigiza wa kuimba mwanzo hadi mwisho, kwa ngoma na kinanda, akauita Aliyefunga Mvua. Ni habari ya mwanamke anayeiba mvua ya kijiji na kuifungia ndani ya chungu kwa kitambaa cheusi, mpaka vijana wanakivunja chungu na kayamba zinalia kama mvua juu ya bati. Unanijua mimi kwa mambo hayo. Sikukosa hata Jumapili moja, na nyimbo zote nazijua kuliko baadhi ya wanaolipwa kuziimba.

Mwanzoni mchezo ulikuwa unakufa. Mchawi alikuwa Getrude, na kila mtu alilalamika. Watu wa Majengo walisema mchawi gani huyu mwenye mashavu ya kucheka, anaimba kama yuko kwenye ubatizo. Mzee Fabiani, yule fundi cherehani anayejiona ndiye mwenye neno la mwisho kwa kila kinachoimbwa Mpanda, alisema yeye angemwachia Getrude funguo za nyumba yake na kwenda safari bila wasiwasi. Mimi nilimtetea, na hata leo nasema wimbo wa pili hakuna aliyeuimba kumshinda. Lakini benchi zilibaki wazi, Ponsian akawa anaingiza watoto bure ili ukumbi usionekane mtupu.

Ndipo akamchukua Romana. Kaka, wewe ulimwacha mdogo wetu akiwa mtoto wa kuogopa bata. Ungemwona. Alipakwa majivu uso mzima, akajifunga kaniki, akatoka polepole na chungu kichwani bila kukishika, akaimba kwa sauti ya chini ambayo inakufuata mpaka nyumbani. Watu walicheka, lakini kile kicheko cha kushikana mikono. Wiki iliyofuata ukumbi ulijaa. Baadaye benchi hazikutosha na Ponsian akauhamishia mchezo uwanjani nje. Watu wakaja kwa baiskeli kutoka vijijini, na lori la dagaa la Ikola likawa linaleta watazamaji. Nilijivuna, sitaki kukudanganya. Kila niliyekaa naye nilimwambia huyo ni mdogo wangu.

Kisha mvua ikakata, na kicheko nacho kikakata. Unajua mtu akiimba vizuri watu humwendea na kumtunza, humbandika sarafu kwenye paji la uso. Wachezaji wengine walitunzwa. Romana hakuna aliyemgusa. Jumapili moja mwanamume nisiyemjua alitoka kwenye umati, nikafurahi nikidhani anakwenda kumtunza. Aliinama nyuma yake, akachota udongo pale alipokanyaga, akaufunga kwenye leso na kurudi kukaa. Hakuna aliyemkemea, na mimi pia sikusema kitu.

Maneno ya washabiki yakageuka. Zamani walibishana kama sauti yake inaifikia ya Getrude. Sasa wanabishana alijifunzia wapi. Mzee Fabiani aliniambia taratibu, huku akinipimia gauni, kwamba mtu haigizi vile kitu asichokijua. Nikamwuliza mbona anayeigiza mtemi si mtemi. Akaendelea kupima. Wengine wanasema chungu kinavunjwa kila Jumapili na mvua hainyeshi kwa sababu kinachovunjwa ni cha mchezo, na cha kweli kiko mahali kimefichwa. Juzi wanawake wawili wa mtaa huu walikuja kuomba maji ya kunywa. Niliwapa. Mmoja alikunywa huku akitazama uvungu wa kitanda cha Mama.

Nilikwenda kumsihi Ponsian ausimamishe mchezo, au amrudishe Getrude. Hakunifokea. Alisema haujapata kutokea mchezo uliopendwa hivi hapa Mpanda, na kwamba kumtoa Romana sasa ni kukiri kuwa yanayosemwa ni kweli. Hapo hakukosea, na ndicho kinachoniudhi. Kisha akanieleza kwa furaha kwamba amewasikiliza watazamaji na kubadili mwisho. Jumapili hii chungu hakitavunjwa na wachezaji. Umati wote utainuka ukiimba, utamtoa mchawi uwanjani na kumpeleka hadi mtoni, na huko watakivunja wenyewe. Kasimu mpiga ngoma aliposikia hayo aliacha kazi, na yeye ana watoto wa kulisha. Aliniambia watu wameshaanza kuulizana nani atabeba nini.

Romana haoni. Anasema washabiki ndivyo walivyo, na mwisho mpya ni mzuri kuliko wa zamani. Ningemwambia ninachokiogopa angenicheka na kubaki, maana anaupenda mchezo ule kuliko usingizi wake. Ndiyo sababu nikakusingizia ugonjwa wewe, Kaka, unisamehe. Nimemwambia pia kwamba Ponsian ameahirisha. Ponsian hajaahirisha kitu, wala hajui kwamba Romana anapanda treni leo.

Mama hawezi kusafiri, kwa hiyo wote hatuwezi kuondoka. Na mchawi asipotokea uwanjani Jumapili, watakuja kumtafuta hapa nyumbani, kwenye uvungu ule ule. Basi mchawi atatokea. Kaniki nimeificha, majivu yapo jikoni, kimo changu na cha Romana ni kimoja, na nyimbo nazijua. Nitaimba kwa sauti ya chini kama yeye. Tukifika mtoni nitanawa uso mbele yao wote, waone kumbe ni Josephina wa siku zote, mla karanga wa benchi la mbele, na labda watacheka na kurudi makwao. Naogopa sana, Kaka. Hakuna treni itakayokufikisha kabla ya Jumapili jioni, nimeulizia stesheni, kwa hiyo usijisumbue.

Limebaki neno moja, na hili hata Padre sijamwambia. Ametangaza novena ya kuomba mvua, kanisa linajaa kila jioni, nami napiga magoti katikati yao. Wao wanaomba inyeshe. Mimi naomba isinyeshe Jumapili, wala Jumatatu, wala wiki nzima hiyo. Ikinyesha baada ya kunipeleka mtoni wataamini mpaka kufa kwao, na siku nyingine mvua ikichelewa watajua pa kuanzia. Kila asubuhi nayaona mahindi yetu yanavyokauka, na jioni narudi kuomba vile vile. Wanamtafuta anayeifunga mvua, Kaka, na kila jioni nakaa nao benchi moja.

Mama anakusalimu sana. Nibusie watoto, na wifi umwambie kitenge chake kipo tayari kwa Mzee Fabiani, atakifuata mwenyewe. Romana mpikieni ugali wa muhogo, anaupenda, na msimpe nauli ya kurudi hata akilia. Mkisikia kwa watu wa treni kwamba Mpanda imenyesha, msishangilie mbele yake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Josephina